Nyali: Hesabu Wanaovuka Daraja

SWALI: Nafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha Nairobi, na kuanzia Januari nahamishiwa Mombasa. Ofisi iko upande wa Kilindini, bandarini. Mume wangu hufanyia kazi nyumbani kwa intaneti. Tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 11. Kila ninayemuuliza ananiambia tuhamie Nyali, ati ndiyo Karen ya Mombasa. Ni mwenyeji mmoja tu aliyenionya: "Nyali ni nzuri ukiwa huna pa kwenda asubuhi." Nyali ni mahali pa namna gani hasa? Na tukipapenda, tupange au tununue? – Mama wa Wawili, Nairobi

JIBU: Dada yangu, huyo aliyekuonya usimwache mkono. Kwa sentensi moja amekueleza mengi kuliko utakayoelezwa na dalali kwa siku nzima. Mimi ni mthamini wa ardhi na majumba hapa Mombasa, kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka 20, na nakaa Nyali hiyo hiyo. Kwa hivyo utakayoyasoma usiyachukue kama maneno ya adui wa mtaa. Ni maneno ya mtu aliyeamka leo saa kumi na moja alfajiri ili avuke daraja kabla ya wenziwe.

Tuanze na hilo la Karen, maana ndilo linalowapoteza wageni wengi kutoka bara. Karen ya Nairobi ni ekari. Mtu ananunua nusu ekari au ekari nzima, anapanda ua wa miti, na jirani anamjua kwa mlio wa mbwa wake tu. Nyali nayo ilikuwa hivyo. Nilipoanza kazi, nyumba nilizotumwa kuthamini zilikuwa za chini, zenye paa la vigae, ua mkubwa wa minazi na miembe, gari moja au mawili, na mlinzi aliyesinzia kwenye kiti chake getini. Nyumba hizo zinatoweka mbele ya macho yetu. Mzee akifariki, warithi wako Nairobi, London au Toronto, na hakuna anayetaka kurudi kufyeka majani. Wanauza, mjenzi anabomoa, na baada ya miaka miwili palipokuwa na familia moja pana ghorofa kumi na familia thelathini au arobaini. Barabara ni ile ile. Bomba la maji ni lile lile. Ukisikia Nyali, basi, usiwazie Karen. Wazia Kilimani ya huko kwenu Nairobi, ila bahari iwe upande mmoja.

Na kuna jambo moja ambalo Kilimani haina, nalo ndilo linaloamua saa ya kuamka, bei ya kodi, hata shule ya mtoto. Nyali ina mlango mmoja: daraja linaloiunganisha na kisiwa cha Mombasa.

Wazee wa Mji wa Kale wakitaja upande huo bado husema "ng'ambo", kana kwamba ni safari ya kufungia mzigo. Zamani ilikuwa safari kweli, ya mashua. Nyali yenyewe ilikuwa shamba la mkonge. Kilichoigeuza kuwa mtaa ni daraja la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1931. Lilikuwa daraja la kuelea, limekalia maboya, likipanda bamvua likija na kushuka maji yakitoka, na mwenye kuvuka hulipa. Ardhi ya mkonge ikaanza kukatwa viwanja vya wenye magari. Hoteli ya Nyali Beach ikaja 1946, klabu ya gofu ikafuata muongo uliofuata, na sura ya Nyali ya watu wa pesa ikawa imekamilika kabla ya uhuru. Daraja la zege tunalolitumia leo, njia tatu kwenda na tatu kurudi, lilifunguliwa mwaka 1980. Tangu hapo halijapata mwenzake.

Sasa chukua kalamu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 216,577 katika kaunti ndogo ya Nyali, na 291,930 katika Kisauni iliyo nyuma yake. Jumlisha: 508,507. Kisiwa chote, yaani Mvita, kilikuwa na watu 154,171. Zaidi ya nusu milioni wako ng'ambo, na kila mmoja wao anayetaka kufika kisiwani kwa barabara hupita pale pale, pamoja na watu wa Mtwapa ambao kwa hesabu ya serikali wako Kaunti ya Kilifi lakini kwa hesabu ya mshahara wako Mombasa. Iko njia ya kuzungukia Kaloleni na Mazeras. Hiyo ni ya malori na ya mtu aliyekata tamaa.

Ukiondoka eneo la Ratna saa kumi na mbili kasoro, jua bado halijatoka, utafika mjini kwa dakika kumi na tano na kahawa yako haijapoa. Si mbali hata kidogo, ni kama kilomita sita. Ondoka saa kumi na mbili na nusu, utakuta mkia wa foleni karibu na makutano ya Kongowea. Ondoka saa moja, wakati kila mzazi anampeleka mtoto shule ya kisiwani, utakaa ndani ya gari dakika arobaini na tano, pengine saa nzima, ukitazama maji ya Tudor chini yako na mtu wa bodaboda akikupita kwa kicheko. Mito miwili ya magari, mmoja kutoka Barabara ya Malindi na mwingine kutoka ndani ya Nyali, inakutana kabla tu ya daraja, na hapo kila mtu hugeuka kuwa mwanasheria wa haki yake. Lori likiharibikia juu ya daraja, basi. Siku hiyo piga simu kazini uombe radhi mapema.

Wewe una taabu ya ziada, maana ofisi yako ni Kilindini. Kuvuka daraja kunakutua Buxton, na kutoka Buxton bado hujafika. Unalazimika kukata kisiwa kizima, kupitia Tononoka au Mwembe Tayari, hadi upande wa pili ambako utakutana na malori ya bandari. Mtu wa benki ya Digo Road akilalamikia Nyali, anaongea nusu ya taabu yako. Jioni ni yale yale kinyumenyume, isipokuwa jioni watu wamechoka na hupiga honi zaidi.

Wenyeji tuna njia zetu. Wapo wanaoliacha gari nyumbani na kupanda bodaboda hadi mjini, suti ndani ya mfuko. Wapo wanaofika ofisini saa kumi na mbili na robo, wanalala kwenye gari chini ya mwarobaini, halafu wananawa uso na kuingia kazini. Jirani yangu mmoja husali alfajiri msikiti wa mjini, anakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, anasoma gazeti lote, na saa mbili yuko mezani kwake, hana deni na mtu. Shule zikifungwa utadhani mji umehamwa.

Ndiyo sababu mteja akiniuliza kama Nyali inamfaa, simuulizi ana pesa ngapi. Namuuliza ni watu wangapi wa nyumbani kwake watavuka daraja kila asubuhi. Wakiwa wote, yaani baba, mama na watoto, namwambia atafute nyumba kisiwani, hata ikiwa ndogo na kuukuu. Asipovuka hata mmoja, Nyali ni raha tupu, na siku hizi watu wa namna hiyo ni wengi. Maduka makubwa, mabenki, mawakili, madaktari wa meno, vyumba vya mazoezi, vyote vimehamia huku. Kuna watu wa Nyali wanaomaliza mwezi hawajaiona Posta. Kwenu nyinyi nahesabu mmoja tu, ni wewe, mradi watoto wasome huku huku. Mume wako atakuwa mwenyeji wa Nyali, nawe utakuwa mgeni wa kulala. Mkiliweka wazi baina yenu kabla ya kuhama, mtaepuka maneno ya jioni.

Swali lako, Nyali ni mahali pa namna gani, lina jibu refu kidogo kwa sababu jina hilo lina maana mbili. Dalali akisema Nyali anakusudia ukanda ulio kati ya Barabara ya Malindi na bahari: Mkomani, maeneo ya uwanja wa gofu, barabara zenye namba, ufukweni. Mwanasiasa akisema Nyali anakusudia eneo bunge lenye wadi tano: Mkomani, Kongowea, Frere Town, Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Ya dalali ni ndogo sana ndani ya ile ya mwanasiasa. Idadi ya watu niliyokupa ni ya ile kubwa, na wengi wao hawana bwawa la kuogelea wala kijana wa kuwafungulia geti. Wengi ndio hao vijana wa mageti. Dada wa kazi, fundi wa mabomba, mpishi wa hoteli, mlinzi wako wa usiku, wote huja kwa miguu au kwa tuktuk kutoka Kongowea, Maweni, Kisumu Ndogo, VOK. Umbali kati ya fleti yenye lifti na nyumba ya makuti mahali pengine ni upana wa barabara.

Na hao walitangulia. Kabla ya gofu kulikuwa na Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakisaidiwa na Waafrika waliokuwa wamesomeshwa Nasik, India. Kengele yao iliyowekwa ili ilie wafanya biashara ya utumwa wakija kushambulia bado ipo pale kwenye makutano. Utaisikia kabla ya kuiona, maana makanga wa matatu atakuwa ananing'inia mlangoni akipiga kelele "Kengeleni! Kengeleni!" Wajukuu na vitukuu vya watu hao wapo. Ukishuka upande wa Mkomani, karibu na maji, kuna kaburi la mke wa mmisionari Krapf na mtoto wao mchanga, la tangu 1844. Nakutajia haya kwa sababu huku utakutana na watu watakaokuambia kwamba Nyali ilikuwa pori kabla ya majumba ya kifahari. Hao wamefika juzi.

Kijamii, jiandae kwa ukimya. Mombasa uliyoisikia, ya watu kukaa barazani na kujuliana hali mpaka mbuzi, iko Mji wa Kale, Majengo, Kibokoni. Nyali ni mtaa wa kuta. Utaishi miezi sita na jina la jirani wa mlango wa pili hulijui, utalijua kwa ujumbe wa kikundi cha WhatsApp cha jengo, tena wakati wa ugomvi wa maegesho. Majirani zako watakuwa mchanganyiko: familia za Kihindi na za Kiarabu zilizohama kisiwani kutafuta nafasi, Waswahili waliofanikiwa, wabara wa bandari, mabenki na mashirika, wastaafu wa Kizungu wachache, na siku hizi wageni wa siku tatu wanaokodi fleti kupitia simu na kucheza muziki hadi usiku wa manane. Hao wa mwisho waulizie mapema. Jengo ambalo nusu ya fleti zake ni za kukodishwa kwa siku si jengo la kulelea mtoto wa miaka 6.

Ukitaka joto la watu, nenda soko la Kongowea alfajiri, malori ya mboga kutoka bara yakiwa yanashusha. Vaa viatu vya kufunga, kwa sababu ya matope. Kuna watu wa Nyali wamekaa miaka kumi hawajalikanyaga soko hilo lililo hatua chache kutoka kwao, na wananunua nyanya zile zile kwenye duka la kiyoyozi kwa bei maradufu. Hilo sijapata kulielewa.

Watoto watafurahi, sina shaka. Kuna ufuo, kuna Hifadhi ya Haller huko Bamburi, machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo Rene Haller alianza kuyarudishia uhai mwaka 1971 kwa kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu na kuleta majongoo wale majani yaliyoanguka ili udongo upatikane. Mtoto wa miaka 11 ataipenda hiyo habari ya majongoo kuliko twiga. Bahari nayo ina majira yake: wakati wa kusi mawimbi huchafuka na mwani hujaa ufuoni hadi pa kutandika taulo hapapatikani. Wakati wa kaskazi maji yametulia na ni ya samawati kama ya kwenye kalenda. Matangazo yote ya nyumba yamepigwa picha wakati wa kaskazi.

Sasa maji, na hapa nisome polepole, kwa sababu katika malalamiko ninayoyapokea baada ya watu kuhamia, hili ndilo la kwanza, hata mbele ya foleni.

Mombasa haina mto wa maji matamu. Maji yake hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba la miaka ya 1950, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki huko Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Nyali hutegemea sana bomba la Baricho. Umeme ukikatika kwenye pampu za Baricho, au bomba likipasuka njiani, bomba lako la jikoni hukohoa mara mbili na kunyamaza. Hata siku za kawaida maji ya kaunti huja kwa zamu. Kwa hivyo karibu kila jengo lina kisima chake, na hapo ndipo kwenye mtego. Ardhi ya Nyali ni mwamba wa matumbawe, wenye matundu kama sifongo. Bahari iko pale pale. Kila jengo jipya likichimba kisima na kuvuta maji kwa ajili ya familia arobaini, chumvi husogea ndani. Kisima kilichokuwa na maji baridi mazuri wakati wa bangalo sasa kinatoa maji ya kuoshea gari, na gari lenyewe linalalamika.

Kuna jambo baya zaidi ambalo wauzaji hawapendi litajwe. Sehemu kubwa ya upande wa kaskazini haina mfereji wa maji taka. Kila jengo lina shimo lake, na maji ya shimo hunywea ndani ya mwamba ule ule wenye matundu ambamo kisima kimechimbwa. Sitasema zaidi. Usinywe maji ya kisima cha Nyali bila kuyapima maabara, na yakipimwa, uliza yamepimwa lini, maana cheti cha miaka mitatu iliyopita ni pambo la ukutani.

Sasa ukaguzi wenyewe. Ukienda kutazama fleti, ingia bafuni kwanza. Shika kichwa cha bomba la mvua, tazama matundu yake. Yakiwa yamejaa ukoko mweupe, maji ni ya chumvi, awe mwenye nyumba ameapa kwa Mungu au hakuapa. Nawa mikono kwa sabuni: povu likikataa kutoka, umepata jibu la pili. Uliza jengo lina matangi mangapi, na kama ya maji matamu na ya kisima yametengwa, kila moja na mabomba yake hadi jikoni. Majengo mazuri yamefanya hivyo. Kisha shuka chini, msalimie mlinzi, muulize kwa upole maboza ya maji huja mara ngapi kwa wiki na nani hulipa. Mlinzi hana sababu ya kukudanganya, hapati asilimia ya kodi yako. Nilikuwa na mteja aliyepanga fleti ya ghorofa ya nane kwa sababu ya mandhari ya bahari. Mwezi wa kwanza pampu iliungua, akabeba ndoo kwa ngazi siku nne. Mandhari ilikuwepo siku zote hizo nne.

Upepo wa chumvi nao una ada yake: friji, kiyoyozi, bawaba za milango, gari, vyote huliwa na kutu haraka kuliko ulivyozoea Nairobi. Na kunguru. Hao wanaoiba sabuni dirishani si wa asili ya hapa, wana asili ya Bara Hindi, na wameshinda vita vyote tulivyopigana nao.

Mpange au mnunue? Pangeni. Mwaka mmoja kamili, si miezi mitatu, ili muione Nyali katika masika ya Aprili na Mei, wakati barabara za ndani hugeuka vidimbwi kwa sababu njia za zamani za maji zimejengewa ukuta. Mtazame maji yanakusanyika wapi. Majina ya mahali huwa hayasemi uongo, nami mtu akiniambia ameuziwa kiwanja rahisi Ziwa la Ng'ombe, humwambia atafakari neno "ziwa".

Baada ya mwaka, mkiwa bado mnataka kununua, itafuteni hati kabla ya kutafuta vigae. Ardhi ya Pwani ina historia yake. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye madai wayawasilishe. Wengi, hasa Wamijikenda, hawakufanya hivyo, na ardhi walizokuwa wakiishi zikawa za serikali au za wengine. Matokeo yake ndiyo maskwota tulio nao hadi leo, na ndiyo mtindo ambao mtu wa Nairobi huona kama mzaha: nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, mwenye shamba ni mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi mwezi baada ya mwezi. Ukanda wa bahari wa Nyali kwa kawaida una hati safi, lakini ukivuka Barabara ya Malindi utaonyeshwa "kiwanja Nyali, bei ya kutupa". Mteja wangu mmoja alilipa amana kwa kiwanja cha namna hiyo kabla ya kunipigia simu. Muuzaji hakuwa tapeli kamili, kwani nyumba ilikuwa yake kweli. Ardhi ndiyo haikuwa yake, na amana ilichukua miaka miwili kurudi, tena nusu.

Kwa fleti, ulizeni kama jengo limesajiliwa chini ya sheria ya 2020 inayoruhusu kila fleti kuwa na hatimiliki yake. Majengo ya zamani yana mpangilio wa ukodishaji wa muda mrefu na hisa katika kampuni ya wakazi, si vibaya, ila wakili wako ausome mkataba wote na aseme imebaki miaka mingapi. Fanyeni upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi nyinyi wenyewe, msitosheke na karatasi ya upekuzi mliyopewa na muuzaji. Ombeni hesabu za ada ya huduma za miaka miwili, muone ni wangapi hawalipi, kwa sababu lifti na pampu hutengenezwa na wanaolipa. Wekeni pembeni ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Mmoja wenu akiwa si raia wa Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Na mkionyeshwa nyumba ya ufukweni yenye ukuta ulioshuka hadi kwenye mchanga, kumbukeni kwamba Katiba hiyo hiyo inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Ukuta huo mtanunua nyinyi, na kesi pia.

Kuhusu mitaa mingine sina mengi. Kizingo ni ghali na kuna utulivu, Ganjoni ni karibu sana na ofisi yako, Tudor ina upepo mzuri na bei za kibinadamu. Bamburi na Mtwapa ni rahisi zaidi, lakini mnasukuma foleni ile ile mkianzia nyuma zaidi, na upanuzi wa Barabara ya Malindi haupanui daraja. Ningekuwa mimi ndiye wewe, ningepanga Nyali, upande wa Mkomani ulio karibu na daraja na si kule mwisho karibu na Mamba Village, maana kule kuna msongamano wa ndani kabla hujaufikia wa nje. Ningeandikisha watoto shule ya huku huku. Na ningemwomba mwajiri, kabla ya kutia saini barua ya uhamisho, niingie saa moja na kutoka saa kumi. Kampuni nyingi za forodha hapa zitakuelewa, mabosi wao nao wako kwenye foleni hiyo.

Usije kutazama nyumba Desemba. Shule zimefungwa, ofisi zina watu nusu, bahari ya kaskazi inameremeta, na wageni wa bara wamejaza mahoteli. Utaona mji ambao sisi hatuukai. Njoo muhula wa shule ukiendelea, shuka gari moshi Miritini jioni, lala Nyali, na kesho yake ambayo iwe Jumanne, vuka daraja saa moja kamili asubuhi hadi mlango wa ofisi yako Kilindini ukiwa na saa mkononi. Kisha rudi ukaone fleti. Watakuvutia kwenye roshani uone bahari. Wewe nenda jikoni, fungua bomba, acha maji yatiririke kidogo, jaza kikombe, onja, halafu uteme.